Nyonga ya Nakiete na Tope la Ndiva

Ndiva iliyojaa tope haipokei maji. Mmeisikia leo asubuhi shangazi yenu alipoitamka mbele ya wazee, akakataa kumpa kaka yake mkono, nanyi mkaanza kukonyezana mkidhani amekosa adabu. Sasa mmenifuata hapa jikoni, maharage yangu hayajaambuliwa hata nusu, mnataka kujua methali hiyo ilitoka wapi. Haya, kaeni. Kila mmoja achukue maganda yake aambue, maana simulizi za bure zimekwisha.

Wengi watawaambia ilitoka ndivani kwenyewe. Si kweli. Ndiva za Upare zimejaa tope na kuzolewa tangu enzi za mababu wa babu yangu, na hakuna aliyewahi kukaa chini akatunga methali juu yake. Watu walizoa tope, wakanawa miguu, wakaenda kula. Methali hii ilianzia hospitali, kwenye nyonga ya mtoto wa darasa la tatu, na nyonga yenyewe ni hii yangu mnayoiona ikinisumbua nikiinuka. Chanzo chake ni hiki.

Kwa ajili yenu mliozaliwa mjini, ambao maji yenu hutoka ukutani, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Mfereji wa mlimani huingiza maji humo usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, na kila nyumba humwagilia shamba kwa zamu yake. Lakini maji ya mlimani hayaji peke yake. Huja na mchanga, majani na udongo. Ndiva isipozolewa, tope hupanda hadi ukingoni, na siku ukifungulia mfereji maji hupita juu yake yakaenda zake korongoni. Ndiyo sababu tulikuwa na msaragambo. Mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu mzima mmoja, inapewa kipande chake cha tope, na asiyemaliza kipande chake hapewi zamu.

Sheria moja ilikuwa kubwa kuliko zote: mtoto hashuki ndivani. Zamani ukingo uliwahi kuporomoka ukaondoka na mtoto wa watu, na tangu hapo nyumba iliyotuma mtoto ilinyimwa maji kiangazi kizima. Msimamizi wa ndiva yetu alikuwa Mzee Mgonja, naye hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Baba yangu, Mbonea, alikuwa seremala. Alikuwa mtu mwema. Nasema mapema kwa sababu huko mbele mtataka kumchukia, nami sina nguvu za kumtetea kila mara. Mwaka huo mama yangu, Namsemba, alikuwa ng'ambo ya milima akimuuguza bibi, na mdogo wangu alikwenda naye mgongoni. Nyumbani tulibaki wawili, baba na mimi.

Siku ya msaragambo baba alikuwa anatengeneza milango ya nyumba ya mtu. Aliahidi kwamba kipande chetu atakizoa alasiri, na Mzee Mgonja akakubali kwa shingo upande. Watu wakazoa vyao, wakaondoka. Alasiri ikaingia, baba bado yuko kwenye milango. Nilipompelekea chakula akaniambia, "Tangulia, Nakiete, kaanze kuzoa. Watu wameshaondoka, hakuna atakayekuona. Nafunga bawaba moja tu, naja."

Bawaba moja ikawa mlango mzima. Nilishuka ndivani na karai na jembe la mama, nikachuchumaa, nikaanza kuchota. Nilikuwa najisikia mkubwa. Ukingo uliporomoka nyuma yangu bila kupiga hodi, ukanisukuma mbele, goti likanijia kifuani, na ndani ya mwili nikasikia kitu kikilia kama muwa unapovunjwa. Kisha nikawa nimefukiwa hadi kiunoni na sauti haitoki.

Baba alinikuta hivyo. Akanifukua kwa mikono, akanilaza kwenye nyasi. Hapo katikati lipo jambo ambalo nitalisema mahali pake, si sasa. Tulipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia, na hakuna aliyetuona.

"Ukiulizwa," baba akaniambia huku akiniosha tope miguuni, "uliteleza kwenye ngazi ya ghala. Umesikia, mwanangu? Mgonja akijua, hatuna maji. Shamba litakauka, mama yako atarudi akute njaa."

"Nimesikia, Baba."

Na hapa pana ujanja wa mwili ambao mpaka leo unanitia hasira. Nyonga ikiumia, mara nyingi goti ndilo hulia. Mimi nililia goti, goti, goti. Baba akamwita Mzee Kajiru, mkandaji wetu wa mifupa, mtu mwenye mikono mizuri kuliko wote milimani. Kajiru akauliza, "Ameangukaje?" Baba akasema, "Ngazi. Kagonga goti." Basi Kajiru akalikanda goti kwa samli na majani, akalifunga vijiti, akaja tena, akalikanda tena. Goti la watu halikuwa na kosa lolote. Baadaye Kajiru alisema kwamba kama angeambiwa nilifukiwa na udongo nikiwa nimechuchumaa, angeanza kunitazama kiunoni. Labda. Alishafariki, siwezi kumbishia.

Mguu ukaanza kubadilika. Ukajikunja kwa ndani, goti likawa linatazama lenzake, na kisigino kikakataa kugusa ardhi. Nikatembea kwa vidole, nikiegemea mkongojo ambao baba alinichongea kwa mti mwepesi, akaupiga msasa hadi ukateleza. Mvua ikinyesha alinibeba mgongoni hadi shuleni, mbele ya wanaume wenzake, na hakuona haya. Kila asubuhi aliniambia, "Kesho, Nakiete. Kesho utaamka mzima." Kesho ya baba ilikuwa ndefu. Vuli ikapita, masika yakaingia, nami bado natembea kwa vidole.

Mtaniuliza kwa nini hakunipeleka hospitali. Hospitali wanauliza maswali, na maneno yana miguu. Mwanzoni aliogopa Mgonja. Kisha, siku zilipoongezeka, akaanza kuziogopa siku zenyewe. Mtu aliyechelewa huona aibu kufika, basi huchelewa zaidi. Hilo nimelishuhudia kwa watu wengi, na si kwa baba peke yake.

Masika yalipokuwa yanaisha, bibi alifariki, na baada ya matanga mama akarudi. Alifika jioni, mzigo kichwani, mdogo wangu mgongoni, akaniona nikikatiza uani. Aliutua mzigo palepale njiani.

"Mtoto ana nini?"

"Aliteleza ngazini," baba akasema. "Mwezi bado haujaisha. Kajiru anamkanda."

Mama akanitazama mimi. "Eti, Nakiete?"

"Ndiyo, Mama. Ngazi ya ghala."

Aliuokota mzigo, akaingia ndani. Asubuhi na mapema, kabla majirani hawajaja kumpa pole ya msiba, alikuwa ameshavaa. "Mbebe mtoto," akamwambia baba, "tunashuka hospitali." Kama angengoja majirani, wangemwambia mimi ni kilema tangu vuli. Hakungoja.

Hospitali ilikuwa chini, tambarare, ya misheni. Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa Bukoba, Dakta Kagaruki, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa akizunguka hospitali moja hadi nyingine, kila anapofika anakuta watu wamejaa veranda. Walinipiga picha ya eksirei. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha kwa kidole.

"Goti ni zima," akasema. "Tazama hapa juu. Huu mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa huyu, kichwa kimetoka, kimepanda huku nyuma. Ameumia lini?"

"Mwezi bado haujaisha," baba akasema.

Dakta alinishika mapaja yote mawili, moja kwa kila mkono, akayapima kwa viganja. Paja langu bovu lilikuwa limekonda sana.

"Mwezi?" akauliza tena. "Mzee, nisikilize vizuri. Picha hainiambii tarehe, wewe ndiye wa kuniambia. Kama ni wiki chache, kesho nampa nusukaputi, alale, nauvuta mguu, mfupa unaingia, mnakwenda nyumbani. Lakini kama ni miezi mingi, nikivuta hivyo naweza kuvunja shingo ya mfupa. Ikivunjika hiyo, huyu mtoto hatatembea tena kwa miguu yake. Sasa nakuuliza mara ya mwisho. Lini?"

Mama alimgeukia baba. Alikuwa anangoja tu jibu, maana yeye hakuwa na shaka yoyote.

"Mwezi, Dakta," baba akasema.

Dakta akaniinamia. "Na wewe, binti? Uliangukaje?"

Nilikuwa nimejifunza vizuri. Nikamweleza ngazi ya ghala, nikamweleza kipandio cha tatu kilivyolegea, nikaongeza hata debe la mahindi nililokuwa nimebeba. Baba hakunifundisha debe, lilikuwa langu. Nilitaka ajue kwamba naweza kutegemewa.

Asubuhi iliyofuata wakanivika shuka la kijani, wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu. Nesi anasukuma, mama upande huu, baba upande huu, na Dakta mbele anaongoza njia. Nilikuwa naogopa jambo moja tu, na halikuwa kisu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameniambia kwamba watu wakipewa nusukaputi huweweseka. Nikamvuta baba mkono, akainama, nikamnong'oneza.

"Baba, nikiweweseka je? Nikisema ndivani? Waambie wanifunge mdomo kwa kitambaa."

Baba alisimama. Kitanda kikakwama, maana mkono wake ulikuwa umeshika chuma chake, nesi akashangaa kwa nini hakisogei.

"Dakta," baba akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu, "Dakta! Usimvute! Si mwezi. Ni tangu vuli. Ni tangu siku ya kuzoa ndiva. Hakuna ngazi. Nilimtuma ndivani peke yake, ukingo ukamwangukia. Nimemfundisha kusema uongo huu wote."

Mama alikaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, akatazama miguu ya kitanda changu. Nami nikaanza kulia, kwa sababu nilidhani nimeharibu kazi niliyopewa.

Dakta Kagaruki alivua kofia yake ya kitambaa, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Hakumgombeza. Alikuwa mtu aliyechoka kuliko sisi sote.

"Umenichosha, mzee," akasema. "Lakini afadhali umenichosha huku nje ya mlango."

"Basi umtengeneze hivyo hivyo," baba akamsihi. "Mvute polepole."

"Sikiliza. Kile kikombe cha nyonga hakikai kitupu kikimngoja mwenyewe. Miezi yote hii kimekuwa kikiota nyama ngumu, makovu juu ya makovu. Kimejaa pomoni. Hata nikiufikisha mfupa mlangoni, hauna pa kuingia. Utateleza, utarudi ulikotoka."

Baba alikuwa anatazama chini. "Kama ndiva," akasema.

"Ndiva ni nini?"

Baba akamweleza, pale pale barazani, mtu wa milimani akimweleza mtu wa ziwani: bwawa, mfereji, tope, na maji yanavyopita juu yakapotea. Dakta alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi ndivyo ilivyo. Itabidi kwanza niushushe mfupa kwa kuuvuta kidogo kidogo kwa mizigo, majuma kadhaa. Kisha nimpasue, nikizoe kikombe hadi nione chini yake, ndipo niurudishe. Na hata hapo siwaahidi. Kichwa cha mfupa kilichokaa nje kinaweza kufa kwa kukosa damu. Anaweza kubaki na mguu mfupi. Mngeniletea vuli, ningekuwa na mengi ya kuwaahidi."

Walinirudisha wodini. Wakanipitishia chuma kwenye mfupa chini ya goti, wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na mifuko ya mchanga ikaning'inia. Kila Dakta alipopita, waliongeza mchanga. Sitawaeleza maumivu, mna umri mdogo na mimi sina hamu. Mama alilala sakafuni na mdogo wangu chini ya kitanda changu majuma yote hayo. Baba alishuka na kupanda mlima akileta ndizi na maziwa, akaviweka mezani, mama akavipokea bila kumtazama. "Shikamoo, Baba," mimi nilisema.

Siku ya upasuaji ilifika, nikalala nusukaputi, na kama niliweweseka hakuna aliyeniambia. Niliamka nimefungwa hogo, plasta nzito kutoka kifuani hadi kwenye vidole vya mguu, ninawashwa kila mahali na siwezi kujikuna. Dakta alikuja akiwa bado na jasho. "Kimeingia," akamwambia mama. "Kuzoa ndiko kulikonila muda wote. Kurudisha kwenyewe kulikuwa kama kufunga mlango." Kisha akaenda veranda, kulikokuwa na watu wengine wanangoja.

Hogo lilipokatwa, nilijifunza kusimama upya kama mtoto mchanga, nikishika vitanda. Kisigino kiligusa chini. Mguu ulibaki mfupi kidogo, na nyonga haikunjiki kama ya kwenu, lakini mfupa haukufa. Nimetembea nao hadi sasa, nimebeba kuni nao, nimezaa nao wazazi wenu. Nikisema unauma, siulaani.

Tukarudi nyumbani, na hapo ndipo ugonjwa mwingine ulipoonekana. Mama alipika, akamwekea baba chakula, akaondoka. Alifua, akaanua, akakunja, na hakumsemesha. Baba alikuwa ameshakwenda kwa Mzee Mgonja na kukiri kwa maneno machache kwamba alimtuma mtoto ndivani. Mama naye alikuwa ameambiwa, "Nisamehe, Mama Nakiete," mara nyingi, asubuhi na jioni. Ukoo ukaanza kunong'ona kwamba Namsemba ana moyo mgumu, mtoto amepona na bado amenuna.

Mwishowe wazee wakaja, kama walivyokuja leo kwa shangazi yenu. Waliketi sebuleni, Mzee Mgonja akiwa kiongozi, na mimi nikiwa kwenye mkeka na mguu wangu.

"Mama Nakiete," Mzee Mgonja akaanza kwa upole, "mtoto amerudi. Mfupa umerudi mahali pake. Mwenzio ameomba radhi mbele yangu na mbele yako. Yaliyopita si ndwele. Mpe mkono, yaishe, nasi twende zetu."

Baba akanyoosha mkono. Mama aliutazama mkono ule, akauacha hewani.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema. "Sijakataa. Ila mnaniharakisha. Dakta hakuurudisha mfupa siku ile alipoambiwa. Angeurudisha siku ile, angemvunja mtoto. Alizoa kwanza. Ndiva iliyojaa tope haipokei maji. Huyu ananimwagia radhi kila siku, na zote zinapita juu yangu zinakwenda korongoni, kwa sababu humu ndani hakujazolewa kitu. Naambiwa 'nisamehe.' Nisamehe nini? Nimeambiwa mstari mmoja barazani kwa watu. Mtoto wangu ameumwa tangu vuli hadi masika, na mimi sijui hata siku moja ilivyokuwa. Azoe. Nikiona chini, nitajua la kufanya."

Wazee walitazamana. Mmoja akasema huko ni kufukua makaburi, mwingine akaomba maji ya kunywa. Lakini baba alirudisha mkono wake, akaketi chini kwenye mkeka, karibu nami, akaanza.

Alianza na mlango aliokuwa akiutengeneza na bawaba yake. Akaeleza nilivyolia usiku wa kwanza, na alivyonifunika mdomo kwa blanketi jirani wasisikie. Akaeleza mikono ya Kajiru kwenye goti, na mimi nikimtazama yeye baba, nikingoja aseme, naye asiseme. Akaeleza barua tatu alizomwandikia mama ng'ambo ya milima, zote zikisema "sisi wazima." Mama aliuliza maswali mafupi: nani alimshika? alikula? ulimwambia nini asubuhi yake? Baba alijibu. Jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani. Wazee wawili waliaga wakaondoka, wamechoka. Mzee Mgonja alibaki.

Baba alipomaliza, mama akasema, "Bado."

"Yamekwisha."

"Bado, Baba Nakiete. Nakujua."

Sasa ndipo mahali pa lile jambo nililowaambia. Mimi nililijua. Nilikuwa nimelala kwenye nyasi siku ile, nimeliona kwa macho yangu, na sikuwahi kumwambia mtu, hata mama, hata wodini.

"Nilipomfukua," baba akasema, "nilimlaza kwenye nyasi. Alikuwa anatetemeka. Nilijua ameumia vibaya. Sikumbeba. Nilirudi ndivani." Akaendelea: "Udongo ulioporomoka ungeonekana asubuhi. Mgonja angeuliza nani aliyekuwa pale. Nikachukua karai, nikazoa ule udongo wote, nikazoa na kipande chetu hadi mwisho, nikausawazisha ukingo. Mtoto ananiita, 'Baba, twende.' Namjibu, 'Ngoja kidogo.' Nilimaliza kwanza ndiva. Ndipo nikambeba."

Mzee Mgonja aliinamisha kichwa, maana aliikumbuka asubuhi yake. Alikuwa amekisifu kipande kile mbele ya watu, kwamba hakuna aliyezoa vizuri kama Mbonea.

Mama alilia hapo. Tangu barazani kule hospitali hakuwa amelia, na alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Baba hakumgusa. Alipotulia alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema, "Hapo umefika chini."

Hakumpa mkono. Wazee walioondoka walikwenda kusimulia kwamba kikao kimeshindikana. Kabla ya kuinuka, Mzee Mgonja naye alitamka hukumu aliyoichelewesha tangu baba akiri: sheria ni sheria, nyumba ya Mbonea haina zamu ya maji hadi kiangazi kijacho kiishe. Baba akajibu, "Nimesikia, mzee," na ilikuwa kama ametuliwa mzigo.

Asubuhi alichukua ndoo mbili, akashuka mtoni kuchota maji ya kumwagilia mboga. Ni mbali, na kurudi ni mlima mtupu. Mama alisimama mlangoni akimtazama hadi alipopotea kwenye kona. Kisha akaingia ndani, akatoka na ndoo yake, akajifunga kanga vizuri, akamfuata. Waliporudi walikuwa wanaongea. Sikusikia walichosema, nilisikia sauti mbili tu. Kiangazi hicho na kilichofuata walichota pamoja, wakirudi wamechoka hoi, na mimi nikiwangoja uani kwa miguu yangu miwili.

Baba ndiye aliyeieneza methali hii. Kila alipoitwa kupatanisha watu aliisema, na alisema imetoka kwa mkewe na kwa nini. Alipofariki, watu walibaki na ndiva wakasahau nyonga. Ndiyo maana mnaona wazee wanaitaja na huku wanaharakisha mikono ya watu. Wanadhani inahusu kilimo.

Kwa hiyo mtu akiwaambia "yaishe," msimbishie, ila mtazameni kama ameshika karai. Radhi ni maji, wanangu, na maji hayajawahi kuwa taabu milimani kwetu. Taabu ni kushuka kule chini na kuzoa, hadi ufikie lile ambalo ungependa kufa nalo. Ndiva iliyojaa tope haipokei maji.